Kuendesha kwa Sikio: Mafunzo kutoka Mchezo wa Rali wa Kompyuta

Miongoni mwa michezo ya kompyuta inayoiga uendeshaji wa magari, ile inayohusu rali ina tabia moja inayoitenga na mingine yote, nayo ni kwamba mchezaji hategemei macho yake peke yake, bali husikiliza sauti ya mtu aliyeketi kando yake ndani ya gari, ambaye humtajia kona kabla kona yenyewe haijaonekana. Rali, kwa maana inayotumika hapa, ni mashindano ambamo magari hayakimbizani katika uwanja wa mzunguko, bali huondoka moja baada ya jingine na kupita katika vipande vya barabara vilivyofungwa kwa ajili hiyo, ambavyo huitwa mikondo. Muda wa kila gari katika kila mkondo hujumlishwa, na aliyetumia muda mfupi kuliko wenzake ndiye mshindi. Kwa hiyo dereva wa rali hana mpinzani wa kumtazama mbele wala nyuma, ila ana barabara, ana saa, na ana mwelekezi, yaani mwenzake anayemsomea maelezo ya njia kutoka katika daftari lililo mapajani.

Makala haya yanatokana na miaka mingi ambayo mwandishi wake ameitumia katika michezo ya aina hiyo, hasa ule uitwao Richard Burns Rally, na yanashikilia kwamba uhalisia wa mchezo kama huu haumo katika uzuri wa picha, kama matangazo ya biashara yanavyotaka watu waamini, bali umo katika namna unavyomlazimisha mchezaji kutenda kwa neno la mtu mwingine kabla hajapata ushahidi wa macho yake mwenyewe.

Richard Burns Rally ulitoka mwaka 2004, ukiwa umetengenezwa na kampuni ya Warthog ya Uingereza na kuchapishwa na SCi, na ndani yake mna mikondo ya nchi 6, yaani Uingereza, Ufaransa, Finland, Marekani, Australia na Japani. Ulibeba jina la Richard Burns, dereva Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2001, ambaye pamoja na mwelekezi wake Robert Reid walitoa ushauri katika utengenezaji wake, na sauti inayosoma maelezo ya njia ni ya Reid mwenyewe. Ukitazamwa leo, picha zake zimechakaa, kwa maana miti yake ni bapa na watazamaji waliosimama kando ya njia hawana uhai. Hata hivyo hesabu zinazotawala mwendo wa gari, ambazo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mfini Eero Piitulainen, zilikuwa zimefikiriwa kwa kina kiasi kwamba wapenzi wa mchezo huo, waliotawanyika katika nchi nyingi, wameendelea kuuongezea barabara, magari na mashindano ya mtandaoni kwa miaka zaidi ya 20, ilhali michezo iliyokuja baadaye ikiwa na picha za kuvutia kuliko huo imekwisha sahaulika.

Hesabu hizo zinahusu jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni uzito na mahali ulipo kwa wakati fulani. Dereva wa kawaida wa barabarani huchukulia kwamba usukani ndio unaogeuza gari, na kwa mwendo wa kwenda sokoni au kazini dhana hiyo haimletei madhara. Lakini juu ya changarawe, kwa kasi, matairi ya mbele hayawezi kugeuza chochote kama hayakulemewa na uzito wa kutosha kuyagandamiza ardhini. Mguu unapoachia mafuta, uzito husogea mbele, matairi ya mbele hushika, na ya nyuma hupata wepesi. Mguu unapokanyaga mafuta tena, uzito hurudi nyuma na pua ya gari hunyooka. Ndiyo maana dereva wa rali huanza kuandaa kona mapema sana, mara nyingine kwa kulielekeza gari kwanza upande ulio kinyume na kona kisha kulirudisha ghafla, ili uzito unaorudi ulisukume lenyewe, na ndiyo maana pia hukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiwa bado juu ya mafuta, kwa kuwa muda wa kuhamisha mguu mmoja kutoka kibao kimoja hadi kingine ni muda ambao uzito unahama bila kuongozwa na mtu.

Mchezaji anayetoka katika michezo mingine ya magari huingia kwenye kona kwa kukata usukani mpaka mwisho, na gari husonga mbele moja kwa moja mpaka mtaroni, kana kwamba halikuagizwa kitu. Kwa muda huona kwamba mchezo una kasoro. Baadaye, pengine baada ya jioni nyingi, hubaini kwamba kadiri anavyokata usukani ndivyo matairi ya mbele yanavyozidi kuburuta na kupoteza mshiko, na kwamba dawa ni kuurudisha kidogo, kuachia mafuta, kusubiri, na kuiruhusu pua ya gari ishuke. Neno kusubiri linastahili uzito wake hapa, kwa sababu muda unaozungumziwa haufiki hata sekunde moja, na bado ndani ya muda huo mikono yote miwili inatamani kufanya jambo. Katika usukani wa kuchezea, ule unaofungwa kwenye meza na wenye mota ndani yake inayoirudishia mikono nguvu za barabara, kitambo hicho huhisika wazi: usukani hulegea wakati matairi yanapoburuta, kisha hukaza tena pindi yanaposhika, na mchezaji aliyezoea hutambua kwa viganja vyake kwamba gari limekubali kugeuka kabla picha haijamwonyesha.

Yote hayo, hata hivyo, ni maandalizi tu ya somo lenyewe, ambalo limo katika sauti ya mwelekezi. Maelezo ya njia ni lugha fupi iliyobuniwa ili barabara nzima iweze kutamkwa kwa kasi ileile ambayo gari linaipita. Mtindo mmoja ulioenea huipa kila kona namba, kwa kawaida 1 hadi 6, ambapo 1 ni kona kali sana inayopitwa kwa gia ya chini na 6 ni mkunjo mwepesi usiohitaji kuachia mafuta, na baina ya kona hutajwa masafa kwa mita. Kisha huongezwa maneno yanayoeleza tabia ya kona, kama vile kwamba inafunga, yaani inazidi kukaza kuelekea mwisho wake, au inafunguka, au kwamba haifai kukatwa kwa ndani kwa sababu kuna jiwe au shimo. Kwa Kiswahili maelezo hayo yangesikika hivi: kushoto 4, mia moja, kilele, kulia 3 inafunga, usikate. Maneno hayo machache yanabeba kipande kirefu cha barabara, na hutamkwa mara moja tu.

Ugumu wake haupo katika kuelewa msamiati, ambao hujulikana kwa siku chache, bali katika mpangilio wa wakati. Mwelekezi mzuri husoma kona moja au mbili mbele ya ile ambayo gari limo, hivyo dereva analazimika kutekeleza sentensi aliyokwisha kuisikia huku akipokea nyingine na kuiweka akibani, na akichanganya hizo mbili, hugeuza gari kwa ajili ya kona ambayo bado haijafika. Wachezaji wanaoanza huifanya sauti hiyo kuwa mandhari, wakaendesha kwa macho, na kwa muda hufanikiwa, kwa kuwa mikondo mifupi yenye nafasi za wazi huruhusu. Kinachowafundisha ni vilele. Gari linapokwea kilima kwa kasi, kioo cha mbele kinajaa anga, barabara inatoweka kabisa, na mwili wote unadai breki. Lakini sauti imekwisha kusema kwamba baada ya kilele kuna kushoto 6, na anayekanyaga breki hapo hupoteza muda usiorudi, na zaidi ya hapo huufanya uzito usogee mbele wakati ambao gari linakaribia kuruka, likatua kwa pua. Njia iliyo salama ndiyo hiyohiyo ya kasi, nayo ni kukanyaga mafuta kuelekea mahali pasipoonekana kwa kuwa mtu amesema pako wazi.

Mwandishi anaamini kwamba ustadi huu wa kusikiliza ni wa kweli na haubaki ndani ya kompyuta. Anayesafiri kwa lori katika barabara ya kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, ambayo imechongwa ubavuni mwa milima ya Usambara kwa kona zisizokwisha, anaweza kuona ushirikiano wa namna hiyo kati ya dereva na utingo wake: utingo huchungulia kwa upande asiouona dereva na kutamka maneno mafupi, na dereva mzoefu husogeza lori lake lote kwa maneno hayo bila kugeuza shingo wala kuuliza mara ya pili. Dereva asiyemsikiliza utingo huonekana mara moja, kwa kuwa husita, hurudi nyuma, na kuchunguza kwa macho yake yale aliyokwisha kuambiwa. Mchezo wa rali huumba mazingira ambamo kusita huko kunaadhibiwa palepale, tena bila hasira ya mtu yeyote, na kwa sababu hiyo humfundisha mtu kuona tofauti iliyopo kati ya kusikia na kusikiliza kwa undani ambao mahubiri mengi hayaufikii.

Adhabu hiyo ingepungua nguvu kama ingeweza kufutwa, na hapa panafaa kusifiwa uamuzi wa kampuni ya Codemasters. Kampuni hiyo ilitoa mwaka 1998 mchezo uliobeba jina la Colin McRae, Mskoti aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1995, na katika miaka iliyofuata iliweka katika michezo yake ya magari uwezo wa kurudisha muda nyuma, yaani mchezaji akigonga mti angeweza kubonyeza kitufe na kuanza tena sekunde kadhaa kabla ya mti. Ilipotoa DiRT Rally mwaka 2015, uwezo huo uliondolewa. Aliyevunja gurudumu katika kilomita ya pili ya mkondo hawezi kurudi sekunde chache kabla ya kosa lake, na asipouanza mkondo wote upya hulazimika kuliburuta gari mpaka mwisho na kuchukua muda alioupata, na kujua hivyo humbadilisha tangu mstari wa kuondokea. Umeme ukikatika katikati ya mkondo, jambo ambalo wachezaji wa Afrika Mashariki wanalifahamu vizuri, hasara inayohisika hulingana na kitu halisi kilichopotea, na hiyo yenyewe ni dalili kwamba mchezo umefaulu kuupa muda thamani.

Maisha ya Burns mwenyewe yanatoa ushahidi mzito juu ya thamani ya kumaliza. Katika msimu wa 2001 alishinda rali moja tu, ile ya New Zealand, na bado akawa bingwa wa dunia, kwa kuwa alikusanya pointi pale ambapo wenzake waliokuwa na ushindi mwingi kuliko yeye walishindwa kufika mwisho. Rali ya mwisho ilifanyika Wales mwezi Novemba, ambapo McRae aliingia akiwa anaongoza jedwali kwa pointi moja. Gari la McRae lilibingirika mapema, wengine waliowania taji nao wakatoka mmoja baada ya mwingine, na Burns, akielewa kwamba hakuhitaji tena kushinda, aliendesha kwa hesabu hadi nafasi ya 3, akapata ubingwa tarehe 25 Novemba 2001. Wapo wanaoliona taji la namna hiyo kuwa dogo. Mtu aliyewahi kumaliza rali nzima katika mchezo uliobeba jina lake, bila kurudisha muda nyuma, hawezi kuliona hivyo, kwa sababu anajua kwamba mchezaji anayeongeza kasi kidogo katika kila kona hupata mkondo mmoja wa kujivunia na gari lililopinduka katika unaofuata, na kwamba kuendesha chini kidogo ya uwezo, mkondo baada ya mkondo, kunahitaji nidhamu ngumu kuliko ujasiri. Miaka miwili baada ya taji hilo, Burns alizirai akiwa njiani kwenda Wales, akagunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo, na alifariki tarehe 25 Novemba 2005 akiwa na umri wa miaka 34. Mchezo wenye jina lake ulitoka wakati wa ugonjwa wake, na wanaoucheza hadi leo, wakiisikia sauti ya Reid ikimwongoza dereva ambaye hayupo tena, wanaendeleza kumbukumbu yake kwa njia ambayo sanamu haiwezi.

Burns ana uhusiano na Afrika Mashariki ambao wachezaji wa eneo hili wanafaa kuujua, kwa kuwa ushindi wake wa kwanza katika mashindano ya dunia ulipatikana Kenya, katika Safari Rally ya mwaka 1998, naye akashinda tena huko mwaka 2000. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi ilikuwa rali ya aina yake peke yake: njia yake ilikuwa ya maelfu ya kilomita, barabara zake hazikufungwa kwa wasafiri wengine, na mvua za masika zilikuwa mshindani asiyepungukiwa nguvu. Katika mwaka 1963 na tena mwaka 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Joginder Singh wa Kenya aliishinda mara 3, mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, aliishinda mara 5. Katika miaka ya baadaye timu kubwa zilitumia helikopta zilizotangulia mbele ya gari ili kumwonya dereva kuhusu ng'ombe, punda milia na mabasi, yaani mwelekezi wa pili aliyekaa angani.

Baada ya mwaka 2002 Safari iliondolewa katika mashindano ya dunia, na ilipopangwa kurejea mwaka 2020 janga la Uviko-19 liliizuia. Hapo likatokea jambo la kushangaza, kwamba mchezo wa WRC 9 (WRC ni kifupi cha jina la Kiingereza la mashindano ya dunia ya rali) wa kampuni ya Kylotonn ya Ufaransa, uliotoka Septemba 2020, ulikuwa tayari na Safari ndani yake, hivyo watu wa Helsinki, Tokyo na Mombasa waliendesha katika vumbi la Kenya kwenye kompyuta zao kabla magari halisi ya Safari iliyorejea hayajafika Naivasha mwezi Juni 2021. Mwandishi alilipokea jambo hilo kwa furaha ambayo haoni haya kuitaja, kwa maana kwa miaka mingi michezo ya rali aliyoicheza ilikuwa imemfundisha misitu ya Finland na Wales asiyowahi kuikanyaga, huku barabara za nyumbani zikiwa hazimo. Furaha hiyo haikumzuia kuona mapungufu. Vumbi laini la Naivasha, ambalo hufunika mashimo na mawe yaliyo chini yake na kuingia katika injini hata kulizima gari, katika mchezo limekuwa zaidi rangi ya ardhi kuliko hatari ya kukaa nayo akilini, na matope ya masika, yale yaliyoyakwamisha magari yote isipokuwa 7, hayamo kwa uzito wake.

Mjomba wa mwandishi, ambaye katika ujana wake alizoea kusimama kando ya barabara karibu na Voi kuyangoja magari ya Safari, aliwahi kuketi nyuma ya kiti na kuutazama mkondo mzima kimya. Swali lake halikuhusu picha, ambazo alikubali kuwa zimefanana. Aliuliza, "Huyu anayesema, mbona hakosei hata mara moja?" Aliposikia jibu kwamba, "Amepangiwa kila kitu, Mjomba," alitikisa kichwa na kueleza kwamba enzi zao gari liliweza kusimama njia panda huku dereva na mwenzake wakibishana juu ya ukurasa.

Swali hilo linagusa udhaifu mkubwa wa michezo hii, mkubwa kuliko vumbi na matope. Katika rali halisi maelezo ya njia huandikwa na dereva na mwelekezi wenyewe, ambao kabla ya mashindano huruhusiwa kupita katika kila mkondo mara mbili, kwa mwendo uliowekewa kikomo. Mara ya kwanza dereva hutamka kila kona anavyoiona na mwelekezi huandika, na mara ya pili husomewa na kusahihisha. Daftari lao lina makosa, lina mambo yaliyobadilika baada ya magari ya mbele kuchimbua barabara, na imani ya dereva kwa sauti ya mwenzake imejengwa kwa misimu ya kukosea pamoja na kusahihishana. Mchezaji wa kompyuta hupewa imani hiyo ikiwa imekwisha iva. Huenda hii ndiyo sababu madereva waliong'ara pande zote mbili, kama Jon Armstrong wa Ireland ya Kaskazini, bingwa wa dunia wa mchezo wa WRC wa mwaka 2018, ambaye tayari alikuwa dereva wa rali na baadaye akafanya kazi Codemasters, hawajawa wengi kama ilivyotarajiwa.

Kwa Richard Burns Rally pengo hilo limezibwa kwa kiasi na wapenzi wake, waliounda programu inayomwezesha mchezaji kufuta maelezo yaliyopo na kuandika ya kwake, kisha kuyasikia yakisomwa kwa sauti ileile wakati wa mashindano. Kazi hiyo ni ya polepole, kwani gari huendeshwa kwa mwendo wa matembezi, husimamishwa kwenye kila kona, na mchezaji hulazimika kuamua kama anachokiona ni 4 au ni 3 inayofunga, akijua kwamba atakapolisikia jibu lake tena atakuwa katika gia ya juu, kilele kikiwa kimeificha barabara, na hatakuwa na mtu mwingine wa kumlaumu. Mwandishi angependa mchezo ujao utakaoileta Safari uanzie hapo, kwa kumpa mchezaji daftari tupu na ruhusa ya kupita mara mbili.